Usaili Niliouharibu Balangdalalu

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa kiti cha kuegemea, keki iliyoandikwa "Safari njema" kana kwamba nakata roho, na ombi. Kiti nimekiweka hapa barazani Maretadu na kuku wamekipenda kuliko mimi. Keki tuliimaliza siku ileile. Limebaki ombi. Mlitaka niandike jinsi mtu mzima, ambaye nusu ya umri wake ameitumia kwenye kazi nyingine, anavyopaswa kujiandaa kwa usaili wa kampuni yetu. Mlisema watu wa namna hiyo wanaanguka sana, na ninyi mnaowasaili hamwelewi kinachowaangusha.

Sijui kama mlimwomba mtu sahihi. Mimi mwenyewe nilisailiwa mara mbili. Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nilikuwa nimeshapita, nikaharibu kwa mikono yangu, tena nikitabasamu. Lakini kwa kuwa mnaniita Mama Neema, na mama haombwi kitu na watoto akakaa kimya, someni.

Nilianza kazi Balangdalalu, afisa mifugo niliyetoka chuoni na daftari jipya lenye safu nilizochora kwa rula. Safu ya kwanza jina la mfugaji, ya pili idadi ya ng'ombe, ya tatu magonjwa. Mkuu wangu alikuwa Bwana Tluway, mtu mwembamba, mvaa kofia ya sufu hata jua likiwa utosini. Siku yangu ya kwanza alilichukua daftari lile, akalitazama kwa upole, halafu akaikata safu ya pili kwa kalamu tangu juu mpaka chini.

"Hii utamuuliza nani?"

"Mwenye ng'ombe, mzee."

"Haya, kamuulize. Mimi nitakusubiri kwenye gari, injini inawaka."

Kwa wafugaji wa uwanda wa Hanang, kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kama kumwambia mzazi awapange watoto wake mstari mbele ya mgeni aseme yupi atatangulia kuugua. Ng'ombe wakitajwa kwa idadi, mabaya yanasikia. Mwenyewe anawajua mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa jina la mama yake ng'ombe, na akirudi jioni akamkosa mmoja anajua ni yupi kabla hajafika zizini. Idadi haina kazi kwake. Idadi ni haja ya serikali, na ya watu kama mimi.

Basi Bwana Tluway alinifundisha njia yake. "Toka nyumbani ukijua umebeba dozi ngapi za chanjo," alisema. "Rudi ukijua zimebaki ngapi. Katikati hapo, hesabu isitoke mdomoni." Kwa miaka mingi nilitembea na sanduku la barafu begani na bomba la sindano la chuma lililokuwa baridi asubuhi na moto adhuhuri. Ng'ombe walipita mbele yangu wakipumua mvuke, kengele zinalia shingoni, vumbi la magadi linanyanyuka na kutua kwenye kope zangu. Nilichoma sindano, sikuhesabu. Jioni nilihesabu chupa tupu. Nawaambieni, kuna furaha ya siri katika kujua jambo ambalo hukumuuliza mtu yeyote, na nadhani kazi hii ya ushauri elekezi niliipenda tangu hapo, kabla sijajua kama ipo.

Baadaye nilihamia Dongobesh, nikawa meneja wa chama cha ushirika cha wakulima wa vitunguu saumu. Miaka hiyo nitaipita haraka, maana harufu yake bado imo kwenye kitabu changu cha nyimbo za kanisani. Itoshe kusema kwamba nilipofika umri wa miaka arobaini na sita, chama chetu kiliunganishwa na kingine kikubwa, na baada ya kuunganishwa ikaonekana kuna mameneja wawili na kiti kimoja. Aliyezidi nilikuwa mimi.

Kaka yangu Bura alinipigia simu kutoka Maretadu kabla sijamaliza kufungasha.

"Rudi nyumbani, dada. Kuna nguruwe huku."

"Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Hawana meneja."

Alicheka peke yake. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua alimaanisha. Alikuwa ameshapanga ni banda lipi ningesimamia na ni chumba kipi ningelala. Nawapenda nguruwe kama mtu yeyote wa Maretadu anavyowapenda, yaani kwenye sahani. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya watu, mifugo, mikutano iliyovunjika na mikutano iliyoponywa, na nilitaka mtu mmoja tu duniani aseme kwamba vitu hivyo vina matumizi. Nilipoona tangazo la kampuni ya ushauri elekezi Arusha, wanatafuta watu waliokwisha fanya kazi na wafugaji na wakulima, nilituma wasifu wangu siku ileile.

Mama yangu aliniuliza hiyo kazi ni ya kufanya nini.

"Kampuni ikiwa na tatizo inatuita, tunawasikiliza wafanyakazi wake, halafu tunaiambia kampuni ifanye nini."

"Wafanyakazi wake hawajui?"

"Wanajua, mama."

"Sasa kwa nini wasiiambie wenyewe?"

Miaka kumi na minne baadaye bado sina jibu zuri kuliko lile nililompa: "Sisi tunaiandika vizuri."

Usaili wa kwanza ulifanyika kwenye chumba chenye kuta za vioo, ambamo kila apitaye nje anakuona ukitoa jasho. Aliyenisaili alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, Elisante, mwenye shahada mbili na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliniamkia vizuri, akanivutia kiti, akanimiminia maji. Halafu akanipa kisa, kama mnavyowapa watu mpaka leo. Mteja anataka kujenga kituo cha kukusanyia maziwa Hanang. Je, kijengwe? Tuanze na makadirio: katika kata moja ya kule kuna ng'ombe wangapi?

"Wa nani?" nikauliza.

"Wa... wananchi, mama."

"Umewaomba ruhusa?"

Alicheka kidogo akidhani natania. Nikamweleza kwamba kwetu ng'ombe wa mtu hahesabiwi hadharani, na kwamba chumba chenye vioo ni hadharani kabisa. Alisema ni makadirio tu. Nikasema hata makadirio yana masikio. Alijaribu tena kwa njia ya kaya, kwa njia ya eneo la malisho, kwa njia ya kunibembeleza. Nilikaa kimya, nimekunja mikono, najiona nimemfundisha mtoto wa watu adabu. Niliondoka pale nikitembea kama bibi harusi.

Barua ilikuja baada ya wiki. Ilisema sikuonyesha uwezo wa kufikiri kwa tarakimu.

Nilikasirika kwa siku mbili, ya tatu nikaona wamesema kweli. Niliulizwa swali ambalo nilikuwa na jibu lake kwenye chupa tupu za miaka mingi, nami nikachagua kushinda mabishano. Hapo ndipo wengi wa umri wetu wanapoangukia, wenzangu. Tunadhani tumekuja kuheshimiwa. Swali la kijana tunalisikia kama utovu wa adabu, tunamjibu kijana, swali tunaliacha pale mezani limekaa.

Kampuni ilikuwa na utaratibu kwamba mtu wa nje husailiwa mara mbili, na akishindwa ya pili faili lake linafungwa moja kwa moja. Nilisubiri miezi minne, nikaomba tena. Bura aliniambia banda limeshaezekwa.

Safari hii Elisante alikuwa na mkurugenzi mwenyewe, Bi Rehema, mwanamke wa rika langu, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize ulichosema na kuendelea kukutazama baada ya hapo. Kisa kilikuwa kilekile. Niliinuka, nikaenda ubaoni. Nikachora sanduku la chanjo. Nikaeleza kwamba sanduku moja lilikuwa na dozi kadhaa, kwamba katika kijiji fulani lilikwisha kabla ya adhuhuri na katika kingine lilirudi na nusu, kwamba kata ina vijiji kadhaa. Nikazidisha. Mwisho nikachora duara kubwa nje ya jumla.

"Hiki nini?" Elisante akauliza.

"Ng'ombe waliopelekwa porini kwa sababu nilikuwa nakuja."

Bi Rehema alicheka, kicheko kifupi kama mtu aliyekanyaga kokoto. "Mezani umepita," akasema. "Sasa twende uwanjani. Mteja huyu ni wa kweli, na swali ni la kweli. Utakwenda Balangdalalu na Elisante kwa siku mbili. Yeye ataangalia unavyofanya kazi, akiwa na swali anauliza. Mtarudi na jibu moja: kijengwe au kisijengwe, na kwa nini. Hapo ndipo nitaamua."

Nilitoka pale nimeshalipata jina la kazi kichwani: mshauri mwandamizi. Nililijaribu kwa sauti njia nzima kwenda stendi.

Balangdalalu ilikuwa kama nilivyoiacha, upepo ule wa kukusukuma mgongoni kama mtu anayekuharakisha. Mzee Gidamis, ambaye nilichanja ng'ombe wake tangu nilipokuwa mgeni wa kazi, alikuwa amewakusanya majirani mbele ya boma lake. Wanaume walikuwa mbele, wamejitanda mashuka. Wanawake walikuwa nyuma, karibu na vibuyu vyao vya maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti wa sindano! Umenenepa."

"Nimekula vitunguu saumu."

"Harufu imefika kabla yako." Watu wakacheka, nikajua siku imeanza vizuri. Tulisalimiana kwa urefu unaostahili: malisho, mvua, wagonjwa, waliokufa, waliooa. Nilikuwa nakaribia kugeukia maziwa taratibu, kutoka upande wa wanawake, maana kwa watu wale ng'ombe ni wa mwanaume lakini maziwa yako mikononi mwa mke. Hapo nikamwona Elisante akifungua kishikwambi chake. Alikuwa ameandaa fomu. Kidole chake kilikuwa juu ya kisanduku cha kwanza, na hata kwa mbali nilijua kisanduku cha kwanza kinauliza nini.

Nilikuwa na muda. Nataka mlijue hilo. Ningeweza kukohoa, ningeweza kumwita pembeni, ningeweza kuangusha mkoba. Lakini nilikumbuka kile chumba cha vioo na ile barua ya tarakimu, na utamu fulani ukanipanda. Nilifanya jambo moja tu. Nilisogea hatua mbili kushoto, nipate kuona vizuri.

"Mzee," Elisante akasema, mchangamfu, "kwanza kabisa, una ng'ombe wangapi?"

Mwanaume mmoja wa mbele aliinua shuka lake akafunika mdomo.

Mzee Gidamis alimtazama mdomo. "Wewe kijana, una meno mangapi?"

"Thelathini na mawili, mzee."

"Umeyahesabu leo?"

"Hapana, lakini..."

"Basi fungua mdomo, niyahesabu. Hawa wote wahesabu. Halafu tuyaandike humo kwenye kioo chako, tuyapeleke Arusha."

Watu walicheka sana, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Nilikuwa bado nafuta machozi nilipoona mzee hacheki. Alijifunga shuka lake vizuri, akachukua fimbo, akaondoka kuelekea malishoni. Wanaume wakamfuata mmoja mmoja. Mwanamke mmoja akabeba kibuyu chake, na wengine wakabeba vyao. Katika muda wa kunywa kikombe cha chai tulibaki watu wawili, upepo, na fomu yenye kisanduku kimoja kitupu na vingine vingi vitupu chini yake.

"Nimefanya nini?" Elisante akaniuliza. Uso wake ulikuwa umepauka. Hapo kicheko kilinikauka, kwa maana nilielewa kwamba lile halikuwa shimo lake peke yake. Siku ile ilikuwa usaili wangu.

Kesho yake hakuna aliyekuja. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu mpaka bomani kuomba radhi. Mzee hakutoka. Alitoka mke wake mkubwa, akiwa na kibuyu anachokisugua ndani kwa kijiti cha moto, ule moshi wa kuyapa maziwa ladha. Hakunikaribisha kukaa.

"Yule kijana ni mgeni," akasema. "Wewe umezaliwa Maretadu, ukafanya kazi hapa. Unajua. Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilitaka kucheka, mama."

"Umecheka?"

"Nimecheka."

"Haya. Nenda nyumbani." Aligeuka, halafu akageuka tena. "Na mmekuja kuuliza maziwa, mmemuuliza nani? Maziwa nayakamua mimi. Sijasikia swali."

Ndivyo tulivyorudi Arusha. Njiani, tulipokuwa tumeupita mji wa Babati, Elisante alifungua kishikwambi chake. Kisha akasema ataandika kwamba wananchi hawakuwa tayari kushiriki. "Itakusaidia na wewe, mama," akasema. "Hutaonekana umeshindwa." Alikuwa ananihurumia! Kijana niliyemwacha aanguke alikuwa anatafuta namna ya kunishika mkono.

Bi Rehema alisoma taarifa ile tukiwa tumekaa mbele yake, akaiweka chini, akaanza kututazama kwa ile desturi yake. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa hodari wa kunyamaza, kama mlivyoona. Banda la Bura nililiona mbele yangu, mabati mapya yanametameta.

"Hiyo taarifa si kweli," nikasema. "Wananchi walikuwa tayari. Elisante aliuliza swali baya. Mimi nilimwona anakwenda kuliuliza, na nilijua litavunja mkutano, nikasogea pembeni nione vizuri."

"Ukaona?"

"Vizuri sana."

Elisante alinigeukia. Sitausahau uso ule. Haukuwa na hasira bado, ulikuwa unatafuta mahali pa kuiweka.

"Na kituo?" Bi Rehema akauliza. "Kijengwe?"

"Sijui. Aliye na jibu ni mke mkubwa wa Mzee Gidamis, na hakuna aliyemuuliza. Anayesema anajua leo anakudanganya."

Bi Rehema alizungusha kalamu mezani. Nje ya vioo watu walipita na vikombe vyao, wakitutazama.

"Cheo cha mshauri mwandamizi hukipati," akasema hatimaye. "Mtu anayemwona mwenzake akielekea shimoni akatafuta mahali pazuri pa kusimama, siwezi kumpa watu wa kuongoza. Lakini mwingine angeninyamazia sasa hivi, na mimi ningempelekea mteja taarifa ya uongo. Kwa hiyo utaanza chini kabisa. Mkuu wako ni Elisante. Mwombeni radhi mzee, mrudi na jibu."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Mkuu wangu alikuwa na ishirini na tisa, na nilikuwa nimemcheka mpaka machozi. Nilisema asante, na nilimaanisha.

Koridoni Elisante alisimama. "Ulinicheka kweli?"

"Sana."

"Kwa sababu ya ile barua?"

"Barua na vioo."

"Ile barua niliandika mimi," akasema, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye tulirudi Balangdalalu, na radhi tuliyoipeleka ilichukua asubuhi nzima, maana haikuwa ya maneno matupu, na sehemu yake ilikuwa Elisante kukaa chini na kufungua mdomo huku Mzee Gidamis akimhesabia meno mbele ya watu wote. Alipata thelathini na moja. Kabla hatujaingia kwa wanawake, Elisante alinivuta kando ya gari.

"Mama Neema, nikitaka kuuliza ujinga, nikanyage mguu."

"Nikukanyage wewe, mkuu wangu?"

"Kwa nguvu."

Tuliingia. Mke mkubwa alitupa vigoda, akakaa mbele yetu, na wenzake wakamzunguka. Elisante aliamkia, akauliza habari za nyumbani, akaisubiri kila habari mpaka mwisho wake. Nilianza kuona fahari. Halafu akasogea mbele kidogo, akafungua mdomo, akasema, "Mama, naomba kuuliza, mna..."

Nilimkanyaga kwa uzito wangu wote wa vitunguu saumu. Alivuta pumzi kwa meno. Wanawake walitutazama.

"...mna maji karibu?" akamalizia, kwa sauti nyembamba.

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mke mkubwa aliweka kibuyu chini, akaanza kueleza, na hakunyamaza mpaka jua lilipokuwa juu ya mlima: kisima kiko wapi, kiangazi wanakwenda umbali gani, maziwa yanaharibikia wapi njiani, nani ashike funguo za kituo na nani asizikaribie. Kituo kilijengwa, kidogo, kando ya kisima, na funguo wakashika wao.

Kwenye gari, Elisante alivua kiatu akautazama mguu wake.

"Nilikuwa nauliza maji tangu mwanzo," akasema.

Nikamwomba radhi. Akasema haidhuru, akauhamishia mguu mwingine upande wa mlango, mbali na wangu.